Kutoa Pumzi kwa Kiingereza

Wewe uliyepewa kikopo leo, ukaambiwa kesho asubuhi ukohoe ndani yake kabla hujasukutua, nakuandikia wewe. Najua umekiweka wapi. Umekificha nyuma ya ndoo ili wajukuu wasikione. Mimi nilikitia ndani ya chungu nikafunika, halafu nikakaa nakitazama kile chungu kama kina nyoka.

Mambo ya mapafu yanavyofanya kazi sitakueleza, siyajui. Nilisoma mpaka darasa la nne. Herufi hizi ni zangu, mkwe wangu amezinyoosha pale zilipopinda tu. Nitakueleza niliyoyapitia, na nitakueleza kwamba niliogopa. Waliopona kabla yangu hawakuniambia hilo. Kila mtu alisema "jipe moyo, Mama Kabula". Hakuna aliyesema kwamba unaweza kuogopa kila siku, mwaka mzima, na bado ukapona.

Miaka kumi na moja niliponda mawe huko upande wa Bulyanhulu. Wanaume wanatoa mawe kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, sisi wanawake tunayaponda kwa nyundo mpaka yawe unga, ndipo yaende kuoshwa. Tulikaa kwa mstari, kila mtu na jiwe lake la kupondea katikati ya miguu, kanga imefungwa mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa naita. Nikisema "Vuta!" wote wanavuta pumzi na kuinua nyundo. "Bana!" wanabana. Nyundo zinashuka mara tatu, vumbi linaruka, hakuna anayepumua. "Achia!" ndipo wanaachia. Tuliamini ukibana pumzi wakati vumbi linaruka, haliingii. Mwanamke mgeni akija nilimfundisha hivyo kabla sijamwonyesha pa kukaa, na akipumua katikati nilimgombeza mbele ya wenzake. Hatukufikiri kwamba ukishaachia, pumzi inayofuata unaivuta kwa pupa, na vumbi bado liko palepale hewani.

Kikohozi kilinianza kiangazi, upepo ulipokuwa unapeperusha kila kitu. Nikasema ni vumbi. Kikazidi, nikasema ni baridi ya asubuhi. Siku niliyoona damu kwenye kanga niliikunja, nikaikalia, nikaendelea kuita mpaka saa nane mchana. Ujinga huo usiurudie.

Kabula, binti yangu anayeishi Kambarage, hapa Shinyanga mjini, alipata habari akaja kunichukua. Hakunibembeleza.

"Mama, unapanda gari, au nikubebe mgongoni watu waone?"

Nikapanda.

Benchi la kliniki ya kifua ni refu, na madirisha yanaachwa wazi hata kukiwa na upepo. Ukikohoa wewe, wote wanatazama chini. Akikohoa mwingine, wewe nawe unatazama chini. Pembeni yangu siku ile alikaa mzee mmoja aliyekuwa na mrija puani, umetoka kwenye mtungi wa hewa, na mwanawe amesimama ameushika ule mtungi kama anashika mbuzi asitoroke. Sikuweza kuacha kumtazama. Nikajiambia, lolote lije, lakini si hilo.

Muuguzi alipofika kwangu alinisalimu Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Basi. Salamu ya asubuhi tu. Nililia pale pale, mimi ambaye sikulia nilipomzika mume wangu.

Ilikuwa kifua kikuu. Vidonge vilianza na mvua za kwanza, watu wakipanda pamba. Siku ya pili nikaenda chooni, nikaona mkojo mwekundu. Nilipiga kelele nikijua damu yote inanitoka. Kabula akaja mbio na karatasi ya dawa, akaisomea nje ya mlango wa choo. "Ni vidonge, mama! Imeandikwa hapa. Toka!" Kwa hiyo wewe usipige kelele. Mkojo utakuwa mwekundu, na jasho litachafua nguo. Magoti yatauma. Kanga iliyokuwa inanizunguka mara moja na kidogo ikanizunguka mara mbili, na pete ya ndoa ikawa inadondokea kwenye ugali.

Lakini lililonitesa zaidi ya magoti ni nyumba. Kabula na mumewe, Mwalimu Deus, wana vyumba viwili na sebule. Mimi nilikatiwa kipande cha sebule, likatundikwa pazia. Sasa, kwetu mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Yule kijana hajawahi kunitazama usoni tangu alipomwoa binti yangu, wala mimi sijawahi kula akiniona, na hiyo ndiyo heshima yetu. Leo ananisikia nikikohoa, nikitema, nikimwita binti yangu anikalishe vizuri, na kati yetu kuna kitambaa cha maua tu.

Wajukuu walipelekwa kwa shangazi yao majuma ya mwanzo. Kikombe changu kilichemshwa peke yake. Siku moja niliwasikia.

"Watoto warudi lini?" Mwalimu aliuliza.

"Daktari akisema."

"Na mama atakaa hapo sebuleni mpaka lini?"

"Mpaka apone au afe, Mwalimu. Chagua la kuomba."

Halafu nikamsikia akisema polepole, "Naomba apone," akarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilijifunika shuka usoni. Sikumpenda siku ile, lakini nilimheshimu.

Wakati wa kuvuna mpunga nikamaliza vidonge. Daktari akasema wadudu wamekufa. Nilitoka pale najiona nimeshinda, na kwenye ngazi za kliniki, ngazi tatu tu, nikakaa kwenye kila moja. Pumzi haikurudi. Wakanipiga picha tena. Daktari akanionyesha upande wa kulia, chini, palipokuwa peupe kama ukungu.

"Hapa pameshikana, bibi. Ni makovu, na vumbi la miaka mingi. Lifanyishe mazoezi hilo pafu. Usipolifanyisha, tutafika kwenye mtungi."

Nikamwona yule mzee na mwanawe.

Ujue pia kwamba tangu kikohozi kianze nilikuwa silali. Nilikuwa nakaa, mgongo umeegemea gunia la mpunga, nasinzia hivyo hivyo. Nikijaribu kulala chali, kifua kinajaa kama mtu amenikalia. Mwaka unakwenda, mgongo wangu haujagusa godoro.

Kwenye benchi lile lile nilikutana na Mama Hansa. Ni Mhindi, familia yao wana duka la vitambaa mjini tangu babu yake, na Kiswahili chake kinakata kama mkasi wake. Ana pumu.

"Mama Kabula, unapumua kama kuku aliyekimbizwa."

"Na wewe unapumua kama nani?"

"Mimi nilikuwa kuku kama wewe. Njoo dukani, kuna mazoezi."

Alinipeleka stoo, nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitambaa. Akatandika mkeka, akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya mwanamke, Kiingereza kitupu, laini, kama anambembeleza mtoto wa tajiri. Yoga, ndivyo inavyoitwa. Nikasimama.

"Hii ni sala yenu? Mimi ni Mkatoliki, nina jumuiya yangu."

"Sala yangu naifanya nyumbani kabla ya chai. Hapa tunapumua. Mungu wako anakataza kupumua?"

Nikakaa.

Yule mwanamke wa kwenye simu akisema "inhale", ni kuvuta pumzi. Akisema "exhale", ni kuitoa. Kila mara anaongeza "slowly", polepole. Mama Hansa aliona nimepotea, akazima simu, akasema nitakuongoza mwenyewe kwa Kiswahili. "Vuta. Shikilia kidogo. Sasa achia."

Mara ya tatu akaweka kiganja mgongoni mwangu.

"Mbona hupumui?"

"Napumua."

"Hupumui, mama. Umebana mpaka shingo imevimba. Na mikono unaipeleka wapi?"

Nikatazama. Mikono yangu miwili ilikuwa juu ya kichwa, ngumi zimekaza, zimeshika kitu ambacho hakipo. Alikuwa amesema "vuta", nami nikainua nyundo.

Nikamweleza. Mstari, kuita, kubana, nyundo mara tatu. Nilimweleza kwamba aliyekuwa anaita ni mimi. Mama Hansa akawasha simu tena.

"Kiswahili tukiache," akasema. "Kwa jambo hili Kiswahili chako kina nyundo ndani."

Kweli. Kwa Kiingereza sikuwa nimewahi kufanya kazi yoyote. Yule mwanamke akisema "exhale", mikono yangu haikujua la kufanya, ikatulia mapajani. Hewa ikatoka ndefu, ikatetemeka mwishoni. Iliuma, nikadhani kuna kitu kimechanika.

Nilirudi Kambarage siku ile nikipumzika kwenye kila nguzo ya umeme, na kwenye kila nguzo nilimkumbuka mwanamke mmoja niliyemfundisha kubana. Nguzo ziliisha, wanawake hawakuisha.

Nyumbani tukaitia ile sauti kwenye simu ya Kabula. Ila Kabula anashinda kwenye cherehani sokoni, na Kiingereza hana. Anacho Mwalimu. Basi ikawa hivi: akitoka shule, anakaa kwenye meza yake upande wa pili wa pazia, mgongo ameligeuzia, na simu Kabula ameniachia mimi. Nisipoelewa nauliza. Yeye anajibu akitazama ukuta. Ndivyo tulivyosoma, mama mkwe na mkwe.

"Amesema nini huyo? Lisen tu yo bodi."

"Sikiliza mwili wako, mama."

"Mwili wangu nimeusikiliza miaka sitini na tatu, hauna jipya."

Nikasikia anakohoa ili asicheke.

Siku nyingine sauti ikasema "you are safe".

"Uko salama, mama."

"Ananijuaje? Ameona picha yangu ya kifua?"

"Hajaiona. Anasema tu."

"Basi asiseme ovyo."

Aliniandikia maneno kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari, tukabandika ukutani kando ya gunia langu: INHALE. EXHALE. SLOWLY. LET GO. Hilo la mwisho ni kuachia, lakini kuachia kila kitu, mabega, taya, tumbo, hata hasira, Mwalimu alisema. Nilimwambia hasira iache, inanisaidia kusimama.

Mwisho wa zoezi yule mwanamke anataka ulale chali, miguu imeachana, viganja juu, macho umefumba. Hilo nililiruka kila siku. Nilimuuliza Mwalimu huo mlalo unaitwaje. "Ni... ni mlalo wa mapumziko, mama."

Kwa Mama Hansa nikauliza tena. Yeye hana haya.

"Mlalo wa maiti. Ndiyo jina lake. Unalala kama maiti, halafu unaamka."

Nimewaosha maiti mimi. Nimewanyoosha miguu, nimewafumba macho kwa vidole hivi. Najua hawaamki. Nilivaa ndala zangu nikatoka bila kuaga. Nyumbani nikamwambia Mwalimu kupitia pazia, "Ulinidanganya."

"Niliogopa kukutamkia neno hilo, mama. Nisamehe."

Nikaitoa karatasi ukutani. Majuma matatu sikuvuta wala kutoa kwa Kiingereza. Nilikaa na gunia langu.

Zikarudi pepo za kiangazi. Jumamosi moja, saa sita mchana, kimbunga cha vumbi kilipita uwanjani kikaingia kwa dirisha. Kabula yuko sokoni, watoto wako mafundisho ya kipaimara. Nikavuta pumzi ile ya vumbi, na kifua kikafunga. Sijui nikueleze vipi. Unavuta na hakuna kinachoingia. Masikio yanavuma. Nikaona kucha zangu zinakuwa za bluu, nikaona vizuri kabisa, kama kucha za mtu mwingine. Nikajua kwamba ni sasa.

Mwalimu alisikia nikipiga sakafu. Akaja mpaka kwenye pazia, nikaiona miguu yake kwa chini, imesimama pale, inakwenda mbele, inarudi.

"Mama! Vuta pumzi, mama! Vuta!"

Na mwili wangu, kwa ujinga wake wa miaka kumi na moja, ukabana. Nilibana nikingoja nyundo tatu. Sauti yake ikapotea kwa mbali.

Halafu ile miguu ikatulia. Akapiga magoti upande wake. Akaanza kusema, sauti inatetemeka, akijaribu kuifanya laini kama ya yule mwanamke wa kwenye simu.

"Exhale, mama. Exhale. Slowly."

Kutoa. Hakusema vuta tena. Nilikuwa nang'ang'ania kuvuta, na kilichojaa ndani hakijatoka. Nikaegemea mbele, mikono kwenye magoti, nikakunja midomo, nikatoa. Kidogo, kama kupuliza chai. "Exhale." Nikatoa tena. Ndipo ikapatikana nafasi, ikaingia hewa kiasi cha kijiko. Alisema neno hilo mpaka sauti ikamkauka. Kabula alipofika alimkuta mumewe amepiga magoti kwenye pazia kama yuko kwenye kitubio, na mimi upande wa pili nimelowa jasho, niko hai. Hakuna hata mmoja wetu aliyegusa kile kitambaa.

Jumatatu nilirudi kwa Mama Hansa. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinitandikia mkeka tu.

Nikairudisha karatasi ukutani. Mlalo wa maiti nikauanza kwa vipande. Siku za kwanza kwa mito mitatu, halafu miwili. Nikifumba macho moyo unapiga kama ngoma ya harusi, nafumbua. Mwalimu naye alikuwa na hofu yake: yeye haoni. Nikinyamaza chali kule nyuma, atajuaje? Tukapatana kwamba kila akiita "Mama?" nigonge sakafu mara moja. Ikawa kila jioni, "Mama?" Ko. "Mama?" Ko. Wajukuu walishaanza kutuigiza.

Katikati ya hayo nilimpigia simu Mama Shija, anayeita kwenye mstari sasa. Nikamwambia waache kubana, wayamwagie mawe maji kabla ya kuponda, wakae upande upepo unakotoka.

"He! Mama Kabula, mjini wamekufundisha kupumua?"

"Ndiyo. Kwa Kiingereza."

Alicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nami nikakisikiliza kile kikohozi mpaka mwisho wake. Nakijua. Nikamwambia, kesho kliniki, na kama huji nakuja kukubeba mgongoni watu waone. Leo hatimaye amepewa kikopo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, Mama Shija. Mimi ndiye niliyekufundisha kubana. Sina namna ya kukutolea hilo vumbi. Ninayo haya maneno manne, na kwamba siku utakayoona kucha za bluu usitafute kuvuta, tafuta kutoa.

Nimalizie la juma lililopita. Mvua za kwanza zimenyesha, vumbi limelala, hewa ina harufu ya udongo. Nilimaliza zoezi, nikajinyoosha kwenye mkeka. Mto mmoja uliobaki nikausukuma pembeni. Sauti ikasema "let go". Nikaachia mabega, nikaachia taya. Mvua ilikuwa inagonga bati.

Sikumsikia Mwalimu akiita "Mama?" Anasema aliita mara tatu. Anasema aliita kwa Kisukuma, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na hakukuwa na ko.

Nilichosikia ni pete za pazia zikikwaruza waya. Nikafumbua macho. Mkwe wangu alikuwa amesimama ndani, karibu na miguu yangu, pazia amelishika mkono mmoja, mkono mwingine ameziba macho yake ili asinione, na machozi yanapita katikati ya vidole.

"Exhale, mama," alikuwa anasema. "Exhale."

Nikajitazama nilivyo. Chali. Mgongo wote uko chini. Mate ya usingizi shavuni.

"Rudisha pazia, Mwalimu," nikamwambia. "Nilikuwa nimelala."